Presha ya mafuta inayocheza: yanayosemwa na yaliyo kweli

“Mshale wa geji ukicheza, rigyuleta imekufa.”

Mara nyingi rigyuleta, yaani kifaa kinachodhibiti presha ya petroli inayokwenda kwenye injini, iko hai na inafanya kazi yake. Kwenye mfumo wenye mrija wa kurudisha mafuta kwenye tanki, rigyuleta iliyounganishwa kwa mpira wa vakyumu na manifoldi (njia ya hewa inayoingia kwenye injini) inatakiwa icheze. Tuseme presha ya msingi ni bar 3, imepimwa mpira huo ukiwa umechomolewa. Gari likiwa sailensa (injini inawaka bila kukanyagwa mafuta), manifoldi inanyonya kama bar 0.6, basi geji itasoma karibu 2.4. Tabo (kifaa kinachosukumia injini hewa) ikisukuma bar 1, geji ipande hadi 4. Kisichotakiwa kubadilika ni tofauti kati ya presha ya mafuta na ya manifoldi: 3, wakati wote.

Mimi huogopa geji iliyoganda kwenye 3 huku tabo inasukuma. Hapo nozeli zimebaki na bar 2 tu za kupulizia. Kwa kuwa mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha tofauti hiyo, mafuta yanapungua kwa karibu asilimia 18, tena pale pale injini inapoyahitaji zaidi. Pistoni huyeyuka hivyo hivyo.

Rigyuleta iliyokufa kweli ina dalili yake: chomoa mpira wa vakyumu, na ukiukuta umelowa petroli, daiframu (utando mwembamba ulio ndani yake) imepasuka.

“Presha inashuka? Funga pampu kubwa.”

Ushauri huu umewala watu pesa kuliko mwingine wowote, na mimi nimo. Gari langu lilikuwa linapoteza presha kila nikikanyaga hadi mwisho. Nikanunua pampu kubwa, hali ikawa mbaya zaidi. Siku nilipovuta nyaya za mita hadi ndani ya gari na kuendesha, nikaona: betri volti 13.9, kwenye plagi ya pampu 10.8. Plagi yenyewe ilikuwa imegeuka kahawia, plastiki imeanza kulainika. Pampu kubwa inakula ampea nyingi zaidi, na waya ule ule mwembamba wa kiwandani unapoteza volti zaidi. Nilivuta waya mnene kutoka betri kupitia rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) na fyuzi, nikasafisha pia ethi, yaani pale waya unapoungwa na bodi ya gari, tatizo likaisha. Ile pampu ya zamani huenda ingetosha.

Pampu kubwa ina balaa jingine upande wa pili. Gari likiwa sailensa, injini inatumia mafuta kidogo mno, kwa hiyo karibu yote yanarudi tanki. Mrija wa kurudishia ukiwa mwembamba, yanabanana na presha inapanda. Ukilegeza skrubu ya rigyuleta na geji bado haishuki, tazama mrija huo kwanza.

“Sailensa presha iko sawa, basi mfumo uko sawa.”

Kipimo cha gari lililosimama kinakuambia kidogo sana. Funga sensa ya presha kwenye reli (bomba linalogawia nozeli mafuta), iunganishe na kompyuta inayorekodi (usipitishe mrija wa petroli kwenda kwenye geji iliyo ndani ya kabini, tafadhali), kisha angalia presha inaanguka *lini*. Ikipungua polepole kadiri mizunguko inavyopanda, mafuta hayatoshi: chujio limeziba, volti ni ndogo, au pampu imechoka. Ikianguka ghafla kwenye kona na kurudi barabara ikinyooka, pampu imevuta hewa kwa sababu mafuta yamekimbilia upande mmoja wa tanki. Hapo ndipo tanki dogo la akiba linapohitajika. Ikianza kuyumba baada ya kuendesha kwa muda mrefu, shuku joto. Mafuta yanayozunguka tanki hadi reli na kurudi hupata joto taratibu, na pampu huanza kunyonya mvuke.

“Mpira wa mafuta ni mpira wa mafuta.”

Mpira wa kawaida umetengenezwa kustahimili petroli kwa ndani. Ukiuzamisha tankini, nje yake inavimba, inalainika, mwishowe inachanika. Presha inavujia humo humo tankini: hakuna harufu, hakuna tone chini ya gari, na unaweza kubadilisha kila kitu kingine bila kupata jibu. Kwa hiyo ukiitoa pampu, upinde mpira wake kwa vidole. Ukiona nyufa, au unateleza kwenye klipu, weka ule uliotengenezwa kwa ajili ya kuzama.