Mimba ilitoka mwezi wa ngapi?

Hilo ndilo swali langu la kwanza, faili bado haijafunguliwa. Wengi hunijibu kwa idadi ya mimba zilizotoka: "Tatu, daktari." Mavyaa aliyemsindikiza mgonjwa huongeza kwamba kombe ameshanyweshwa, na hasidi anajulikana. Simbishii. Mimi natafuta mwezi.

Zinazotoka wiki ya 6 au ya 8, mara nyingi kasoro huwa ni ya kromosomu za mimba yenyewe. Lakini mama mmoja wa Likoni aliniambia: "Zote mbili mwezi wa tano, bila uchungu. Nilikuwa nafua, nikahisi leso imelowa." Nusu ya jibu ndiyo hiyo. Mlango wa kizazi chake hulegea na kufunguka kabla ya wakati. Mimba iliyofuata tuliushona uzi wiki ya 13. Utatolewa wiki ya 37.

Kuna wenye pazia ndani ya kizazi. Mji wa mimba huanza kama mirija miwili inayoungana tangu msichana yuko tumboni mwa mamake, kisha ukuta wa kati huyeyuka. Usipoyeyuka, unabaki na chumba kilichogawika. Huwachorea nyuma ya karatasi ya dawa: pera lenye ukuta katikati. Ultrasaundi ya kawaida hulichanganya hilo na kizazi chenye pembe mbili, ambacho hakikatwi. Hata pazia lenyewe siharakishi kulikata: utafiti wa 2021, wa wanawake 79 tu, haukuona kukata kukiongeza watoto wanaozaliwa hai.

Uvimbe wa kizazi? Tazama ulipokaa. Wa nje unaweza kukua kama dafu na mimba isijali. Ulioingia ndani ya chumba, hata wa ukubwa wa ndimu, huo nautoa.

Kinachoniudhi ni makovu. Mwanamke amesafishwa kizazi mara tatu, amekwanguliwa, hedhi ikapungua hadi matone, na hakuna aliyemuuliza. Kuta zimegandana. Ndiyo maana mimba ikiharibika napendelea vidonge, au pampu ya kufyonza, kuliko chuma cha kukwangua.

Yule wa Likoni yuko wiki ya 22. Jana nimempima, mlango una urefu wa milimita 31, uzi umeshika. Mavyaa hataki tena apande feri kuja kliniki. Nikamwambia feri haifungui kizazi, mama, ila akipata kiti akae.