Orodha kwenye maandishi ya mtandaoni: maana yake na namna ya kuipanga

Orodha ni mambo ya aina moja yaliyowekwa kila moja kwenye mstari wake, chini ya maneno ya utangulizi yanayosema ni mambo gani hayo. Wengi tunakumbuka habari ya mstari na kusahau habari ya aina moja. Ndiyo maana hukosi kuona tangazo la kazi la duka la Kariakoo limeandikwa hivi:

Mwombaji awe:
- Mtanzania
- ana cheti cha kidato cha nne
- uzoefu wa mwaka mmoja
- kufanya kazi Jumapili

Kwa macho limepangika. Sasa lisome kwa sauti, ukirudia utangulizi kwa kila mstari. "Mwombaji awe Mtanzania", sawa. "Mwombaji awe uzoefu", hapo umekwama. Mstari wa mwisho una tatizo kubwa kuliko hata la sarufi: haijulikani kama kufanya kazi Jumapili ni sharti la kuomba au ni taarifa tu ya ratiba. Ukibadilisha utangulizi uwe "Mwombaji awe na:" na kugeuza kila mstari uufuate, yote inajipanga:

- uraia wa Tanzania
- cheti cha kidato cha nne
- uzoefu wa mwaka mmoja
- utayari wa kufanya kazi Jumapili

Kipimo ni hicho cha kusoma kwa sauti, na kinatosha. Kwenye maelekezo vilevile: ukianza na "jaza fomu", usiendelee na "kupeleka picha" halafu "malipo yafanyike benki". Jaza, peleka, lipa. Kuhusu alama za mwisho wa mstari watu hubishana mno. Mistari mifupi kama hiyo hapo juu haihitaji kitu, na mistari ambayo ni sentensi kamili iwekewe nukta yote, si baadhi tu.

Namba au vidoti? Jiulize msomaji ataifanyia nini orodha. Kama atafuata hatua, weka namba. Mwaka 2024 mita za LUKU zilipokuwa zinahuishwa, mteja akinunua umeme alipokea makundi matatu ya tarakimu 20. Mawili ya kwanza yalikuwa ya kuihuisha mita, la tatu ndilo umeme wenyewe, na yalitakiwa kuingizwa kwa mfuatano huo huo. Maelekezo kama hayo ukiyawekea vidoti umemwambia msomaji kwamba anaweza kuanza popote.

Namba zinafaa pia pale ambapo watu watarejea mstari fulani au watahesabu. Orodha ya michango ya harusi kwenye grupu la WhatsApp haina hatua zozote, lakini bila namba mweka hazina hajui wameahidi wangapi. (Watu wawili wakiinakili kwa wakati mmoja na kila mmoja akajiongeza, wote wanakuwa namba 17 na jina moja linapotea. Hilo hakuna mpangilio wa kuliponya.) Vidoti viachie mambo yasiyojali lipi linatangulia, kama masharti ya kazi tuliyoyaona.

Kuna maandishi ambayo hayataki orodha kabisa, nayo ni yale yanayoeleza sababu. Chukua mafuriko ya Jangwani, jijini Dar es Salaam. Ukiandika vidoti vya "mvua kubwa", "mchanga", "daraja", "barabara kufungwa", umetaja kila kitu na hujaeleza chochote. Mvua inanyesha huko juu, upande wa Pugu na Kisarawe. Maji yanashuka na Mto Msimbazi yakiwa yamebeba mchanga. Mchanga unatuama bondeni na kupunguza nafasi chini ya daraja, kwa hiyo maji yanapanda barabarani, na Barabara ya Morogoro inafungwa. Uzito wa habari uko kwenye "kwa hiyo", na kidoti hakina pa kuiweka.

Jambo la mwisho ni la kiufundi, ila lina athari kubwa. Kuchapa kistari kwa mkono mwanzoni mwa mstari hakutengenezi orodha kwenye ukurasa wa wavuti. Orodha halisi huundwa kwa alama za HTML, lugha ya kuundia kurasa za wavuti: ul kwa ile ya vidoti, ol kwa ile ya namba, na li kwa kila kipengele ndani yake. Kitufe cha orodha kwenye programu nyingi za kuandikia hukuwekea alama hizo bila wewe kuziona. Orodha ikiwa halisi, kwenye simu kipengele kirefu kikivunjika, mstari wa pili unaanzia chini ya maneno na si chini ya kidoti, hivyo jicho linaona kipengele kipya kinapoanza. Na asiyeona, anayetumia programu ya kumsomea skrini, hutajiwa kwamba ameingia kwenye orodha na mara nyingi kwamba ina vipengele vingapi, kwa hiyo anaweza kuamua kuisikiliza yote au kuiruka. Kwa vistari vya mkono hatajiwi orodha. Anasikia maneno yakifuatana tu.