Popi ya California si afyuni, tafadhali

Kila picha za Antelope Valley, bonde la jangwani kusini mwa California, zikisambaa, vilima vimegeuka rangi ya chungwa, hakosi wa kuuliza: "Marekani wanaruhusuje shamba kubwa hivi la afyuni?" Hilo si shamba, na hiyo si afyuni. Ni Eschscholzia californica, ua la mwituni, mwenyeji wa huko, ua rasmi la jimbo tangu 1903. Afyuni hutoka kwa Papaver somniferum. Ni familia moja, ndiyo, kama nyanya na ndulele zilivyo familia moja, na sijaona mtu aliyesusa kachumbari kwa sababu hiyo.

Vunja shina. Mpopi wa afyuni hutoa utomvu mweupe unaogeuka kahawia. Huu wa California hutoa majimaji tu, na rangi ya chungwa ukikata mzizi. Tunda la afyuni ni kitufe chenye taji, mbegu humwagika kupitia vitundu chini ya taji. La popi ya California ni jembamba, sentimita 3 hadi 9, likikauka hupasuka kuanzia kitakoni na kurusha mbegu. Mofini, dawa kali iliyomo kwenye afyuni, haimo. Alkaloidi (kemikali kali za mimea) nyingine zimo, protopini mojawapo, kwa hiyo nisisikie mtu kachemsha chai yake.

Wanaoniudhi zaidi ni wale wanaojua yote hayo, kisha kila popi ya chungwa wanaiita californica. Geuza ua! Pale kikonyo kinapokutana na petali kuna kitako, na kwa californica kitako kina kingo mbili: ya ndani imesimama, ya nje imetandazwa kama ukingo wa sahani, mara nyingi wa waridi. Petali zikipukutika, ukingo hubaki chini ya tunda, basi kisingizio huna. Ndugu yake, Eschscholzia caespitosa, hana ukingo huo wa nje. Kofia ya sepali (majani yanayofunika chipukizi la ua) mbili zilizoungana, ile inayosukumwa ua likifunguka, haikusaidii, wote wanayo. Kwenye miche tazama kotiledoni, majani ya kwanza kabisa: za californica kwa kawaida zina panda kama manati, za caespitosa hazina.

Vitabu huandika ukingo "upo" au "haupo". Uwandani upo "kiasi". Mimea ya kusini na jangwani ina ukingo mwembamba, na maua ya mwisho wa msimu huwa madogo, yamepauka. Mtaalamu wa mimea Mmarekani, Edward Lee Greene, aliyapa maumbo haya majina mpaka jenasi (kundi zima la Eschscholzia) ikawa na spishi zaidi ya 100. Leo tunakubali kama dazani moja, na mipaka mingine bado ni ya kubishania.

Popi ya California ni ya mwaka mmoja au ya kudumu? Yote mawili. Pwani mzizi mkuu huishi miaka kadhaa. Jangwani mmea huota kwa mvua za baridi, huchanua, na kiangazi kikikolea umeshakufa. Spishi ileile.

Wapandaji: mwaga mbegu palepale zitakapokulia, funika kwa milimita 3 za udongo, juani, kwenye changarawe. Usihamishe miche, mzizi ukikatika hunyauka. Samadi itakupa majani matupu. Ua likifumba usiku au siku ya mawingu, si ugonjwa.

Na ile yenye miiba na utomvu wa manjano inayoota kandokando ya barabara Kenya na Tanzania ni Argemone mexicana. Nayo si afyuni, lakini mbegu zake zikichanganyika na za haradali, mafuta yanayokamuliwa ni sumu.