Wati ya RMS ni nini, na ile "max" ya ku katoni inatokaka wapi

Ukipita ku Birere, hapa Goma, fasi banauzaka vitu vya muziki ya motokari, utasikia tu ulizo moja: "Hii bafle (spika) inatoa wati ngapi?" Mwenye kuuza anageuza katoni, anaonyesha 1200 yenye iliandikwa na maandishi ya kujaa uso yote, bei inapanda, mutu analipa. Mwenye kuuliza na mwenye kujibu bote babili bamekosa, na franga zimeisha kutoka. Mi nimechoka kusikia ile maneno, acha niiseme polepole.

Wati ni kipimo ya nguvu yenye inapita kila segonde. Wati ya RMS ni nguvu yenye ampli (mashini ya kukuza sauti) inaweza kuendelea kutoa, ao bafle inaweza kuendelea kubeba, wimbo moja ikiisha ingine inaingia, bila kitu kuungua. Max, ao pik, ni ile inafika kwa kitambo kidogo sana kisha inashuka. Maana yenyewe ni fupi hivyo.

Sasa kosa ya kwanza. Bafle haitoake wati, inapokeaka. Ampli njo inatoa. Namba ya ku bafle ni mzigo yenye inaweza kubeba, sawa vile ukisema chukudu hii inabeba kilo 300, hautaki kusema chukudu inazaa kilo 300, ukiisukuma bila mzigo haina kitu. Unaweza kununua bafle ya RMS 500, ukaifunga ku posti ya kawaida (ile redio ya motokari), na ikalia chini ya bafle ndogo ya jirani, juu ile posti haina mia tano ya kuipatia.

Jina ya wati inatoka kwa James Watt, fundi wa Scotland mwenye alizaliwa 1736, alitengenezaka mashini za mvuke. Juu ya kuziuza alikuwa anahesabia batu mashini moja inaweza kukamata fasi ya farasi ngapi, na ile farasi yake leo tunaihesabu ni karibu wati 746. Jina lake balilitia ku kipimo mu 1882, yeye alikuwa ameisha kufa tangu 1819. Kumbe tangu mwanzo ile hesabu ilikuwa ya kumusaidia munuzi alinganishe kitu na kitu, na leo banaitumia kumufunga macho.

Herufi RMS ni za Kiingereza, root mean square. Benye balisoma elektrisite ku masomo banaijua na jina ya Kifaransa, valeri efikase. Umeme ya ku nyumba inapanda na kushuka mara 50 kwa segonde, tunasema ni volti 220, lakini kila ikipanda inafikaka karibu 311. Hakuna mutu anasemaka ku nyumba yake kuko 311, juu 220 njo inahesabika ku kazi ya kuwasha taa na kuchemusha maji. Ile 220 njo RMS. 311 ni kilele. Tena hapa kuko kitu kinanisumbua hata kwa bafundi bazuri: RMS ni ya volti, haiko ya wati. Unakamata volti RMS, unaipiga yenyewe kwa yenyewe, unagawanya na omu za bafle (kipimo ya namna inazuia umeme), inatoka wati ya wastani. Kwa haki ingeitwa wati ya wastani tu. Lakini dunia yote inasema wati ya RMS na ile haidanganye mutu, mi naiacha. Yenye inadanganya ni max.

Kamata posti ya kawaida ya motokari. Ku uso yake utakuta 50W x 4, ni kusema wati 50 kwa kila bafle ya zile ine, zingine 52, zingine 55. Kampuni mbalimbali, nchi mbalimbali, na namba karibu ni moja, sasa inatoka wapi? Motokari ikiwaka, altenateri inapeleka kama volti 14.4. Posti haina mashini ndani ya kupandisha volti, yote iko nayo ni zile 14.4 basi. Bafle ya kawaida ya motokari ni omu 4. Piga 14.4 mara 14.4, unapata 207, gawanya na 4, inatoka 51.8. Ile njo 50 yao! Lakini ili bafle ipate 14.4 muda wote, wimbi ya umeme inapaswa ikatwe juu na ikatwe chini, ibaki na pembe ine, na wimbi ya vile haiko muziki tena, ni ile sauti ya kukwaruza yenye unasikia mutu akipandisha volime mpaka mwisho. Wimbi safi yenye kilele yake ni 14.4 iko na RMS ya volti 10.2, juu unagawanya na 1.41. Sasa 10.2 mara 10.2 ni 104, gawanya na 4, ni 26. Na posti yenyewe inakula kidogo ndani, njo maana ukifungua kile kitabu cha mu katoni, ku ukurasa ya nyuma, na maandishi madogo, utakuta kati ya 14 na 22 kwa kila bafle. Kwa hiyo ile max ya ku uso ni hesabu ya kweli, lakini ni nguvu ya muziki yenye imeisha kuharibika, na hakuna mutu anatoa dola yake juu ya kusikia ile.

Ampli ya pembeni, ile yenye tunafungaka chini ya kiti ao mu kofa, iko na mashini ya kupandisha volti ndani, njo maana inapita 26. Ni kazi yake hiyo.

Marekani baliona huu mchezo zamani, 1974 baliweka sheria juu ya namna ya kutangaza wati za ampli, lakini ilikuwa ya ampli za ku nyumba, za motokari hazikuwemo. Kwa motokari ilingojea mpaka 2003, kampuni zenyewe zilipokubaliana kipimo yenye inaitwa CEA-2006, leo banaiita CTA-2006: omu 4, volti 14.4, na sauti isiharibike kupita 1 kwa 100. Lakini ni ya mwenye kupenda, haimulazimishe mutu. Ukiona ile jina ku katoni, namba yake unaweza kuiamini.

Usipoiona, angalia fizible, ile bengine banaita fyuzi. Ampli imeandikwa 3000 na ku mbavu iko fizible moja ya ampea 30. Sawa, 30 mara 14 ni 420, na hizo ni zenye zinaingia, haziko zenye zinatoka. Ampli ziko na klasi, ni kusema namna zilitengenezwa: ya klasi AB ikisukumwa mpaka mwisho inatoa kama 60 kwa kila 100, utabaki na 250. Ya klasi D inafika 80 ao kupita, utabaki na 340 hivi. Kwa kitambo kidogo fizible inaweza kuacha zaidi ipite, lakini haiendelee. Zile kubwa sana zinakosaka fizible ku mwili yake, hapo unapiga hesabu na ile yenye kitabu inaomba uweke ku waya ya batri.

Tena usikimbilie wati peke yake. Kuongeza wati mara mbili inakupatia desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo ya ukubwa ya sauti), sikio inasikia tofauti kidogo tu. Bafle yenye imeandikwa desibeli 90 na ingine 87, ile ya 90 italia vilevile na nusu ya wati za mwenzake. Mara mingi ile namba ndogo ya desibeli inasaidia kupita ile 1200 yote, na hakuna mwenye kuiuliza.

Na ile maneno banasemaka "usifunge ampli kubwa, itaunguza bafle", naielewa, batu bameona bafle zikiungua. Lakini mingi niliziona zikiungua zilikuwa ku ampli ndogo yenye imesukumwa mpaka wimbi ikatike, juu wimbi ikikatika zile 26 zinaelekea 52, na bobini (waya ya ndani) ya twita, ile bafle ndogo ya sauti nyembamba, njo inaanza kufa. Basi, ukifika pale uliza inabeba RMS ngapi na ni omu ngapi, kisha tafuta ampli yenye RMS yake kwa omu zile zile iko karibu. Bafle ya 60 na ampli ya 75 uko sawa kabisa, ile kitufe ya geini (ya kulinganisha ampli na posti) tu usiipeleke mwisho ukifikiri ni volime. Bafle ya 60 na posti peke yake pia uko sawa, ila ukisikia imeanza kukwaruza rudisha kidogo, usiseme balikuuzia bafle mbaya.