Mnukuzi wa Sensa za Kale Hana Ruhusa ya Kuisahihisha

Malalamiko yanayotufikia sisi tunaohakiki nukuu za sensa za Uingereza, yaani nakala zinazochapwa kutoka vitabu vya kale vilivyoandikwa kwa mkono, yameongezeka, na mengi yanatoka kwa wasomaji wanaotaka jina la babu yao libadilishwe kwa kuwa ukoo unaliandika vingine. Baadhi ya wanukuzi wanaojitolea nao, kwa nia njema, hubadilisha wenyewe kabla hata ya kuombwa. Yote mawili hayakubaliki.

Vitabu vya sensa za England na Wales za 1841 hadi 1901 vilijazwa na makarani waliohamisha majibu kutoka kwenye fomu za kaya, ambazo karibu zote ziliteketezwa baadaye, kwa hiyo hata kosa la karani ni sehemu ya kumbukumbu. Mwaka 1841 makarani waliagizwa kushusha umri wa kila aliyezidi miaka 15 hadi kigawe cha 5 kilicho chini yake, hivyo mtu wa miaka 59 akaandikwa 55. Anayeona 55 akaandika 59, kwa kuwa tu anaijua tarehe ya ubatizo, ameharibu ushahidi. Sensa hiyo haikuuliza uhusiano na mkuu wa kaya pia. Swali hilo lilianza 1851. Tumeeleza mara nyingi kwamba neno “mke” halijazwi pasipokuwepo, maana mwanamke huyo aweza kuwa dada au mtumishi.

Katika FreeCEN, mradi wa kujitolea wa kunukuu sensa za Uingereza, mahali pa kuzaliwa hunukuliwa kama karani alivyoandika, na tahajia ya kisasa huwekwa katika safu nyingine bila kuigusa ile ya asili.

Wanaoomba sensa mpya zaidi wafahamu kwamba rekodi hufungwa kwa miaka 100, na kwamba chini ya Sheria ya Sensa ya 1920 anayetoa taarifa binafsi za sensa kinyume cha sheria aweza kufungwa hadi miaka 2, kutozwa faini, au vyote viwili. Sensa ya 1921 ilifunguliwa Januari 2022. Ile ya 1931 ya England na Wales iliungua Desemba 1942, na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita, basi hakuna tunachoficha: inayofuata ni ya 1951.

Aliyebaini kosa la mnukuzi, si la karani, atutumie mwaka wa sensa, namba ya kitabu, ya folio (yaani jani la kitabu) na ya ukurasa, pamoja na neno analoliona yeye kwenye picha ya ukurasa huo. Cheti cha kuzaliwa hakihitajiki.