Dawa inavyopanda kutoka udongoni hadi kwenye jani la chai

Chai ya huku kwetu Kericho, Nandi na Nyamira kwa kawaida hainyunyiziwi dawa ya wadudu. Hata hivyo mabaki ya dawa yanaweza kuonekana maabara, na njia inayosahaulika ni mizizi: pengine kipande hicho cha shamba kilikuwa cha nyanya kabla ya miche ya chai, au jirani aliye juu ya mteremko bado analima kabichi.

Swali la kwanza ni kama dawa yenyewe huyeyuka kwenye maji. Mzizi haunywi udongo. Hunywa maji yaliyo katikati ya chembe zake. Imidaklopridi, dawa ya wadudu inayopulizwa kwenye mboga na kupakwa kwenye mbegu, huyeyuka karibu miligramu 600 katika lita moja ya maji. Thiamethoksamu, dawa nyingine ya wadudu, hufika gramu 4 hivi. Jani likipoteza maji juani, huvuta mengine kutoka chini, na dawa hupanda nayo. DDT, dawa ya wadudu ya zamani, ni kinyume chake: hung'ang'ania mboji na ngozi ya mzizi, ikakwama hapo. Ukiikuta kwenye jani, mimi hushuku kwanza matope yaliyoruka wakati wa mvua.

Glifosati, dawa ya magugu, huwachanganya wengi. Udongo wetu mwekundu una oksidi nyingi za chuma na alumini, nazo huishika kwa nguvu, hivyo kidogo sana hupitia mizizini. (Fosfati hugombania nafasi zilezile, kwa hiyo usipulize siku uliyotia mbolea.) Hatari ni pampu ya mgongoni inapogusa majani ya chini au shina changa la kijani. Ikishaingia kupitia jani, glifosati husafiri na sukari ya mmea kuelekea panapokua, yaani yale majani mawili na chipukizi unayochuma. Dalili yake ni machipukizi membamba kama uzi, ya njano. Baada ya kupogoa ndiyo wakati mbaya zaidi, maana macho mapya yako wazi.

Kiwandani hesabu hubadilika. Kilo 100 za majani mabichi zina maji kilo 77 hivi. Hutoka chai kavu kilo 23 au 24. Kwa hiyo miligramu 0.01 kwa kilo ya jani bichi huwa karibu 0.04 kwenye chai kavu, kama joto la kukaushia halikuipunguza dawa. Kisha dawa inayoyeyuka kwenye maji ndiyo hiyo hiyo inayoingia kikombeni. DDT nyingi hubaki kwenye machicha.

Kabla ya kupanda chai palipokuwa na mboga, chota udongo wa sentimita 0 hadi 20 sehemu 15 au zaidi za shamba, changanya kwenye ndoo safi, toa nusu kilo, uifunge kwa karatasi ya foili na kuiweka kwenye baridi hadi ifike maabara. Usitumie jembe lililokoroga dawa. Imidaklopridi inaweza kukaa udongoni miezi mingi, hasa penye mboji.

Kama chai tayari ipo, pima jani la michumo mitatu mfululizo kutoka mistari ileile. Dawa iliyopeperuka kutoka kwa jirani hushuka upesi kadiri machipukizi mapya yanavyotoka. Kiwango kikikaa palepale mchumo baada ya mchumo, na jirani hajapuliza tena, chanzo kiko chini ya miguu yako.