Kiashiria hai cha mto ni nini?

Kiashiria hai ni kiumbe ambacho kuwapo kwake, au kutoweka kwake, kunaeleza hali ya mahali kinapoishi. Kwa mito, wanaotumika zaidi ni wadudu na wanyama wadogo wa chini ya maji.

Geuza jiwe kwenye kijito cha mlimani chenye maji ya kasi. Ukiona kidudu bapa chenye mikia miwili na vishada vya nyuzi kwapani, hilo ni tunutu (mdudu ambaye hajakomaa) la plekoptera, kundi la wadudu wa mitoni. Hupumua kwa nyuzi hizo, na huhitaji maji yenye oksijeni nyingi. Majitaka yakiingia, bakteria wanaoyaozesha huimaliza oksijeni, na huyu huwa miongoni mwa wa kwanza kupotea. Hubaki buu jekundu la kisubi asiyeuma. Wekundu wake ni hemoglobini, kama ile ya damu yetu, inayokamata oksijeni kidogo iliyosalia kwenye tope. Mwingine ana bomba refu kama mkia wa panya, analitoa juu na kuvuta hewa ya nje. Huyo uchafu haumsumbui hata kidogo!

Kwa nini tusipeleke tu chupa ya maji maabara? Chupa inaeleza maji ya dakika ile. Majitaka yakifunguliwa saa nane usiku, asubuhi yameshapita. Tunutu lilikuwapo usiku ule, na miezi kabla yake.

Afrika Kusini wana mfumo wa alama uitwao SASS, na Tanzania wameutumia kutengeneza wao, TARISS. Unapiga mawe teke, wavu unakinga upande maji yanakoelekea, kisha unatazama umepata familia zipi. Kila familia ina alama yake, na isiyovumilia uchafu hupewa alama kubwa. Kwa alama za SASS, plekoptera wa familia ya Perlidae ana 12, kaa wa mtoni 3, buu jekundu 2, minyoo 1. Jumla 18, gawa kwa familia nne: 4.5. Mwondoe plekoptera peke yake, wastani unaanguka hadi 2.

Ila usikimbilie kulaumu kiwanda. Mafuriko nayo hukomba wadudu, na mto wa mchanga mtupu hauna mawe ya kujificha. Ndiyo maana hupimwa pia mahali maji yanapotoka kabla ya kufika kwenye bomba la majitaka, si baada yake tu. Tofauti ikionekana hapo, chupa ya maabara ndiyo itakayosema ni sumu gani.